Somo la polisi shuleni kwetu Mbagala: trafiki na dada wa Dawati wanastahili sifa, hotuba ipunguzwe

Mtoto wangu yuko darasa la tano kwenye shule moja ya msingi huku Mbagala, Dar es Salaam, nami nimo kwenye kamati ya shule. Polisi walipokuja kufundisha nilikaa nao uwanjani kuanzia paredi hadi watoto walipokwenda kunywa uji. Walikuja watatu: trafiki, mkaguzi wa kata, na dada mmoja wa Dawati la Jinsia na Watoto, kitengo cha polisi kinachoshughulikia kesi za ukatili. Shule haikulipa hata senti. Mwalimu mkuu aliandika barua kituoni, wakapanga siku, wakaja.

Nianze na trafiki, maana yule kazi yake anaijua. Aliomba chokaa akaichora Barabara ya Kilwa palepale uwanjani: njia za magari ya kawaida upande huu, za mwendokasi katikati, halafu za kawaida tena ng'ambo. Watoto wengine wakawa daladala, wengine mabasi ya mwendokasi, mmoja akapewa ubodaboda. Waliobaki wakaambiwa wavuke.

Sisi sote tulikaririshwa kutazama kulia, kushoto, kulia tena, ndipo tuvuke. Afande akawaonyesha kwamba ukishafika katikati mambo yanageuka, magari sasa yanakuja kutoka kushoto, kwa hiyo usimame pale uanze kutazama upya. Wakati anaeleza, yule bodaboda akaja mbio upande usio wake, akamvaa mwenzake begani. Uwanja mzima ukalipuka kwa kelele. Kumbe alikuwa ametumwa! Afande akawauliza watoto nani ana kosa, wakajibu bodaboda. Akawauliza nani ameumia. Hapo wakanyamaza, wakaelewa. Tangu siku hiyo nikivuka na mwanangu, yeye ndiye ananivuta mkono tusimame kati.

Swali lililonigusa lilitoka kwa mvulana wa darasa la sita: konda akitukataza kupanda tufanyeje? Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, na kila mzazi wa huku anajua watoto wanavyosukumwa mlangoni kwa sababu ya hiyo mia mbili. Afande akasema konda hana ruhusa ya kumwacha mwanafunzi, mtoto asigombane naye, ashike namba ya gari ampe mzazi au trafiki aliye karibu. Jibu ni sahihi. Lakini jamani, kwa nini mzigo wote abebe mtoto? Somo hilo lipelekwe pia kituoni Rangi Tatu, kwa makonda wenyewe, asubuhi wakati wa kugombania mabasi.

Mkaguzi wa kata ndiye alichukua muda mwingi kuliko wote. Uraia mwema, utii wa sheria bila shuruti, heshima kwa wakubwa. Maneno mazuri, ila watoto wa darasa la kwanza walikuwa wameshaanza kuchora chini kwa vijiti. Nilisubiri aguse na haki zao, kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kusikilizwa. Hakuigusa. Huku kwetu mtoto akilia anaambiwa "nyamaza, nitakuitia polisi". Mtoto aliyelelewa hivyo, siku amefanyiwa ubaya, atamkimbilia nani?

Ndiyo maana dada wa Dawati nampa maksi zote. Alivua kofia kwanza, akakaa kwenye kibenchi cha wanafunzi. Akawaambia hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuwashika sehemu zao za siri, awe mjomba, jirani au mwalimu, na kwamba siri inayokuumiza haifichwi. Akawakaririsha namba 116, simu ya mtoto, ambayo kupiga ni bure. Kwa wanafunzi wakubwa akaongeza: ukifanyiwa ukatili usioge, usifue nguo, wahi hospitali au kituoni, maana dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU inatakiwa ndani ya saa 72. Alipomaliza, wasichana kadhaa walimfuata nyuma ya madarasa. Dereva akapiga honi, yeye akampungia mkono asubiri, akaendelea kuwasikiliza mmoja mmoja.

Tatizo ni kwamba alipewa kipande cha mwisho tu, jua limeshawaka, na mambo hayo ya saa 72 aliyasema mbele ya watoto wa miaka sita. Hilo ni kosa la ratiba, na ratiba tulipanga pamoja na shule.

Wazazi na walimu mnaotaka huduma hii, andikeni barua mapema, na muwe wazi mnachotaka. Ombeni trafiki wa kufanya vitendo. Dawati lipewe saa nzima, darasa la tano hadi la saba wakae peke yao, na wasichana wapate chumba chenye mlango wa kuzungumzia. Na ombeni warudi muhula unaofuata, kwa sababu mtoto mwenye jambo zito mara nyingi hasemi siku ya kwanza.