Kabla ya kununua dawa ya kutagisha: tathmini ya vinavyouzwa kwa kuku walioacha kutaga

Ukiingia katika duka la dawa za mifugo jijini Dar es Salaam na kueleza kwamba kuku wako wa nyumbani wameacha kutaga, mara nyingi muuzaji hatakuuliza swali la pili. Atanyoosha mkono kwenye rafu, atakupa pakiti ya unga yenye picha ya kuku na trei ya mayai, atakuelekeza uichanganye na maji ya kunywa kwa siku kadhaa, na biashara itakuwa imekwisha. Tathmini hii inahusu pakiti hiyo pamoja na bidhaa nyingine zinazouzwa kwa tatizo hilohilo, yaani chakula cha kuku wanaotaga, chokaa, dawa za minyoo na utitiri, taa za bandani na chanjo. Nimezipima kwa mahitaji ya mfugaji mdogo mwenye kuku wachache nyuma ya nyumba, mchanganyiko wa kienyeji, chotara na wale wa mayai, kwa kuwa mwenye kuku elfu ana daktari wake na hesabu zake.

Pakiti hizo ni za aina mbili zinazofanana kwa sura, na tofauti yake huonekana kwa yule tu anayesoma maandishi madogo ya nyuma. Aina ya kwanza ni vitamini tupu: A, D3, E, K na zile za kundi B, pengine pamoja na madini kidogo. Hii haina madhara ikitumiwa kwa kipimo chake, na humfaa kuku aliyetoka kusafirishwa, kuugua au kushindia pumba kwa muda mrefu. Lakini yai haliumbwi kwa vitamini peke yake, na kuku asiyepata protini na kalsiamu ya kutosha hatarudi kutaga hata ukimnywesha pakiti kumi.

Aina ya pili ndiyo inayonikera. Katika orodha ya viambato utakuta jina oxytetracycline, ambalo ni la antibiotiki, likiwa limesindikizwa na vitamini ili lisitishe. Dawa hiyo ina kazi yake pale ambapo daktari wa mifugo amebaini maambukizi ya bakteria, na si vinginevyo. Kumpa kuku anayeatamia au anayebadili manyoya hakumsaidii kwa lolote, bali kunawazoesha bakteria dawa ambayo siku moja utaihitaji kwa dhati. Zaidi ya hayo, mabaki yake huingia kwenye mayai, kwa hiyo mayai ya kipindi cha kusubiri kilichoandikwa kwenye lebo hayapaswi kuliwa wala kuuzwa. Ni wauzaji wachache wanaolitaja jambo hilo. Kwa matumizi haya ya "kutagisha", siipendekezi kabisa.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, mshike kuku jioni anapokuwa ametulia, mbane kwapani kichwa kikielekea nyuma yako, kisha papasa chini ya mkia. Utakuta ncha mbili za mifupa ya nyonga, moja kila upande wa njia ya kutagia. Kwa kuku anayetaga, vidole viwili hadi vitatu hukaa katikati ya ncha hizo, njia yenyewe ni pana na yenye unyevunyevu, na upanga wa kichwani ni mwekundu uliojaa. Kwa aliyeacha, kidole kimoja hupita kwa shida, njia imesinyaa na kukauka, na upanga umepauka. Uchunguzi huu haugharimu chochote, nao huwatenga kuku katika makundi ambayo pakiti moja haiwezi kuyahudumia yote.

Kuku ambaye nyonga zake zimeachana huku kiota kikiwa kitupu anataga, ila mayai hayakufikii. Huenda anataga vichakani au chini ya mabati yaliyoegeshwa ukutani, huenda yeye au wenzake wameanza kudonoa mayai, au kuna nguchiro, nyoka au kenge anayekutangulia kiotani, na hakuna dawa ya unga inayomtibu kenge. Kwa kuwa kuku wengi hutaga asubuhi, wafungie bandani hadi saa tano kwa muda wa wiki moja, uwawekee viota vyenye nyasi kavu katika sehemu yenye giza kidogo, na uyaokote mayai mapema. Mara nyingi tatizo huishia hapo.

Yule aliyefunga nyonga huku amelala kiotani, amejitutumua na kukukoromea unapomkaribia, anaatamia. Kuku wa kienyeji akiachwa na maumbile yake hutaga mayai 10 hadi 15, huatamia kwa siku 21, kisha hulea vifaranga kwa wiki nyingi kabla ya kurudi kutaga. Ukitaka mayai badala ya vifaranga, mhamishie kwa siku tatu hadi tano kwenye kizimba chenye sakafu ya wavu inayopitisha hewa kwa chini, akiwa na chakula na maji yake, kisha mrudishe kwa wenzake. Na anayepukutisha manyoya hana haja ya dawa yoyote: manyoya ni protini, mwili umehamishia huko nguvu zake, naye atakaa miezi miwili hadi mitatu bila kutaga. Mwongezee dagaa na umwache.

Baada ya hao kuondolewa hesabuni, bidhaa ninayoipa alama za juu kuliko zote ni ile isiyo na mvuto wowote dukani, yaani gunia la chakula kamili cha kuku wanaotaga. Chakula hicho hutengenezwa kiwe na protini ya kati ya asilimia 16 na 18, na kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4, ilhali chakula cha kukuzia kina kalsiamu ya takriban asilimia 1 tu. Ganda la yai moja hubeba karibu gramu 2 za kalsiamu, na kuku anayebaki kwenye chakula cha kukuzia, au anayelishwa pumba za mahindi na makombo, huzichomoa kwenye mifupa yake mwenyewe, hutaga mayai yenye ganda laini kwa muda, kisha huacha. Mababu walilisha pumba na bado waliokota mayai, ni kweli, lakini kuku wao walizunguka mashambani wakiokota wadudu, mbegu na majani mabichi. Kuku wa Mbagala aliyezungukwa na ua uliosakafiwa hana cha kuokota isipokuwa kokoto.

Ubora wa chakula hicho, hata hivyo, hutofautiana sana kati ya gunia na gunia, na hapa mnunuzi anatakiwa awe macho. Chukua konzi moja, uitie kwenye glasi ya maji, uikoroge na uiache itulie. Punje nzito zitakazozama chini zinaweza kuwa chokaa, ambayo inatakiwa, au mchanga, ambao umeongezwa ili uzito ufike. Mwaga maji, kisha dondoshea punje hizo siki: chokaa hutoa mapovu, mchanga hunyamaza. Harufu ya uvundo au mabonge yaliyogandana ni sababu ya kulikataa gunia papo hapo, kwani chakula kilichoota ukungu kinaweza kuwa na sumukuvu, inayodhuru ini la kuku na kushusha utagaji. Kuku mmoja wa mayai hula gramu 110 hadi 120 kwa siku, hivyo gunia la kilo 50 huwatosha kuku kumi kwa takriban wiki sita, muda ambao ni mrefu mno wakati wa masika katika chumba chenye unyevu. Kununua kwa kupimiwa kilo kutoka gunia lililo wazi sikupendi, kwa sababu hujui lilifunguliwa lini; ni heri majirani wawili wagawane gunia lililofungwa.

Chokaa ya kuku na magamba ya bahari yaliyosagwa ni bidhaa za bei ndogo zinazostahili kununuliwa, hasa magamba ya chenga kubwa, kwa kuwa husagika taratibu tumboni na kutoa kalsiamu usiku, wakati sehemu kubwa ya ganda inapotengenezwa. Yaweke kwenye chombo chake ili kila kuku ajipimie, na usiwape wanaokua, kwani kalsiamu nyingi huharibu figo zao. Chokaa ya kupaka ukutani ni kitu kingine kabisa, nayo huunguza.

Maji hayauzwi kwenye maduka haya, na pengine ndiyo maana hayatajwi. Takriban robo tatu ya yai ni maji, na kuku hunywa karibu mara mbili ya uzito wa anachokula, na zaidi ya hapo Januari na Februari banda la mabati linapowaka. Chombo kikikauka tangu adhuhuri hadi jioni, utagaji unaweza kuyumba kwa siku kadhaa. Kuku anayehema mdomo wazi hula kidogo na hutoa mayai yenye ganda jembamba. Makuti juu ya bati na maji ya baridi kivulini vitamsaidia kuliko unga wa pakiti.

Dawa za minyoo zinafaa kwa kuku wanaochakura ardhini, mradi upime dozi kwa uzito wao na uheshimu muda wa kutokula mayai. Kuhusu utitiri, usinunue kwa kubahatisha: tandika kitambaa cheupe chini ya kipingo wanapolala, na usiku umulike tochi kwenye mianya ya mbao. Ukiona vijidudu vyekundu vinavyotambaa, au madoa ya damu kwenye kitambaa, basi kuku wanafyonzwa kila usiku, na dawa inapaswa kuingia kwenye mianya hiyo na siyo mgongoni kwa kuku peke yake.

Taa ni ushauri ulioletwa kutoka mbali. London siku fupi kuliko zote ya Desemba haifikii saa nane za mwanga, na kuku wa huko huacha kutaga kwa sababu hiyo. Dar es Salaam tofauti ya siku ndefu na fupi haifiki hata saa moja. Kwa kuku wa mayai, kuongeza mwanga hadi saa 14 au 16 kwa siku, bila kubadilisha ratiba, kuna faida. Kwa kienyeji wachache, ni gharama ya umeme tu.

Hali ni tofauti kabisa pale ambapo kuku wengi wameacha kutaga kwa pamoja ndani ya siku chache, huku wakipumua kwa shida, wakiharisha kijani au kupinda shingo. Hicho yaweza kuwa kideri, ambacho hakina tiba, na anayetakiwa kuitwa ni daktari wa mifugo. Chanjo yake, iitwayo I-2 na inayotengenezwa nchini na Wakala ya Maabara ya Veterinari, huvumilia joto kuliko chanjo nyingi, na hutolewa tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu kwa kuku wasio wagonjwa pekee. Chupa moja huwatosha kuku wengi kuliko walio nao wafugaji wengi wa nyumbani, kwa hiyo kubalianeni mtaa mzima siku moja, ichukuliwe dukani asubuhi ikiwa kwenye chombo chenye barafu, na itumike yote siku hiyohiyo.