Faili 96 za hotuba za siasa za Marekani, karne ya 20: sauti nzuri, tarehe za kutiliwa shaka

Mkusanyiko huu unauzwa kwa kushushwa mtandaoni: faili 96 za MP3, saa 40 na ushee kwa jumla, pamoja na maandishi ya kila hotuba katika PDF. Mada ni mambo ya ndani ya Marekani peke yake: benki, vyama vya wafanyakazi, haki za Weusi, bima ya afya, nishati. Vita na sera za nje hazimo, na nawapongeza kwa hilo, maana makusanyo mengi ya aina hii hujaa Pearl Harbor na Ukuta wa Berlin hadi msikilizaji hapati hata dakika kumi za mjadala wa kodi. Nimesikiliza zote, nyingine mara tatu nne, nikilinganisha na nakala zinazotolewa bure na Maktaba ya Bunge ya Marekani, maktaba za marais, na kituo cha Miller cha Chuo Kikuu cha Virginia. Naupa nyota 3 kati ya 5. Nyota mbili nimezikata kwa kosa la aina moja linalojirudia: muuzaji hasemi sauti ilinaswa lini na wapi.

Tarehe ya hotuba ni kitu kimoja, tarehe ya rekodi ni kitu kingine. Faili ya kwanza imeandikwa William Jennings Bryan, mgombea urais wa chama cha Democratic, Chicago, 1896, ile hotuba yake maarufu ya msalaba wa dhahabu. Mwaka 1896 hakuna aliyeweza kunasa sauti ya mtu anayehutubia maelfu ukumbini. Santuri zilianza kurekodiwa kwa kipaza sauti cha umeme mwaka 1925. Kabla ya hapo msemaji alisogeza uso kwenye mdomo wa pembe kubwa, akapaaza sauti, na nguvu ya sauti hiyo ndiyo iliyotikisa sindano ikachora nta. Jukwaani hilo haliwezekani. Anayesikika hapa ni Bryan wa uzeeni, studio, Richmond, Indiana, mwanzoni mwa miaka ya 1920, akisoma vipande vya hotuba aliyoitoa akiwa na miaka 36. Sauti ni yake kweli. Lakini mwalimu akiwaambia wanafunzi kwamba hivi ndivyo wajumbe wa Democratic walivyomsikia siku ile, amewapotosha, na lawama ni ya jina la faili.

Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi wa Weusi, naye amewekewa 1895, Atlanta, ilhali rekodi ni ya zaidi ya miaka 10 baadaye na ina sehemu ya mwanzo tu. Theodore Roosevelt, 1912, ameandikiwa Carnegie Hall; hotuba hiyo kweli ilitolewa pale mwezi Machi, ila tunachosikia ni ufupisho wa dakika nne hivi alioutoa mbele ya pembe miezi kadhaa baadaye, wakati wa kampeni. Kanuni ninayoitumia ni rahisi: hotuba yoyote ya kabla ya 1925 ichukulie kuwa imesomwa upya chumbani mpaka uthibitishe vingine. Ukisikia makofi, kikohozi au mwangwi wa ukumbi kwenye faili ya zama hizo, karibu kila mara kuna mtu ameviongeza.

Hata hivyo, rekodi za zamani ndizo zilizonifanya niuthamini mkusanyiko huu. Mwaka 1908 wagombea urais wawili walirekodi hoja zao kwa kampuni ya Edison, jambo ambalo halikuwa limefanyika kabla kwa kiwango hicho: Bryan silinda 10, William Howard Taft silinda 12. Silinda moja ya nta ilizunguka mara 160 kwa dakika na kubeba dakika mbili tu, kwa hiyo kila hoja ilibanwa humo. Sikiliza Bryan akitetea dhamana ya amana za benki, kisha fungua mara moja Taft akiipinga dhamana hiyohiyo. Halafu ruka hadi Franklin Roosevelt, 12 Machi 1933, dakika 13 hivi, akieleza redioni kwa nini benki zimefungwa na zitafunguliwaje. Miezi mitatu baadaye bima ya amana ikawa sheria. Ni mabishano ya robo karne unayoyasikia kwa masikio yako chini ya dakika 20, na tofauti ya mitambo inasikika pia: wa 1908 wanapayuka bila kupumua kwa sababu silinda haingoji, wa 1933 anazungumza kama yuko sebuleni kwako, maana kipaza sauti kimemwondolea kazi ya kupiga kelele. Usimhukumu Taft kuwa mzungumzaji mkavu kwa ushahidi wa silinda.

Kuhusu kasi. Nimekuta faili sita zinazokwenda mbio, sauti ikawa nyembamba. Santuri zinaitwa za mizunguko 78 kwa dakika, lakini za mwanzo zilirekodiwa kwa kasi mbalimbali, na anayezihamisha akiacha mashine kwenye 78 bila kupima, matokeo ndiyo haya. Kwa rekodi za baada ya 1925 kuna kipimo kizuri: umeme wa Marekani ni wa hezi 60, yaani mitetemo 60 kwa sekunde, na mvumo wake mara nyingi umejificha ndani ya rekodi. Fungua faili kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, chagua sekunde tatu nne ambazo hakuna anayezungumza, fungua mchoro wa masafa, weka ukubwa wa sampuli 65536 ili mistari isishikane, kisha angalia kilele kiko wapi. Kikiwa hezi 63, faili inakwenda mbio kwa asilimia 5. Gawanya 60 kwa 63, unapata 0.952, hicho ndicho kizidishi cha kasi. Tumia amri inayobadili kasi pamoja na kimo cha sauti. Ile inayobadili mwendo peke yake itamwacha msemaji na sauti nyembamba ileile, sasa akiongea polepole.

Tahadhari mbili. Ukiona vilele viwili, tuseme 60 na 63, cha 60 huenda kinatokana na mashine iliyohamisha santuri na hakikuhusu. Shika kile kingine. Na kwenye silinda na santuri za enzi ya pembe kipimo hiki hakifai kabisa: umeme haukuwemo katika kunasa sauti, hivyo mvumo wowote umeingia baadaye.

Kusafisha kelele ndiko walikokosea zaidi kiufundi, ingawa kuna faili chache tu zilizoharibika. Hotuba nyingi za redio za kuanzia katikati ya miaka ya 1930 zilihifadhiwa kwenye santuri za inchi 16 zenye tabaka la laka juu ya alumini, dakika 15 kila upande. Laka husinyaa na kutoa unga mweupe wa mafuta, na hapo mikwaruzo huanza. Wahandisi wa mkusanyiko huu wameiondoa kwa nguvu mno. Dalili yake: msemaji anasikika kama yuko chini ya maji, na herufi s, f na t za mwisho wa neno zimefutika. Kwa sisi ambao Kiingereza si lugha ya kwanza, afadhali mikwaruzo. Kwa Kiingereza, 15 na 50 zinatofautishwa na mkazo na ile n ya mwisho. Ukila konsonanti hizo, hotuba ya kodi au ya pensheni inapoteza tarakimu zake. Ukiwa na nakala isiyosafishwa kutoka maktaba ya rais husika, itumie hiyo, na kata tu masafa ya chini ya hezi 80 na ya juu ya 5,000. Juu ya hapo redio za wakati ule hazikuwa na kitu cha maana.

Ubora wa faili ni kilobiti 64 kwa sekunde, mono (njia moja ya sauti), isipokuwa faili nne. Wapo watakaolalamika, mimi sioni tatizo kwa sauti ya mtu mmoja. Hotuba ya nusu saa inakuwa MB 14 hivi, bando haliumii. Zile nne ni za stereo na zinatoka sikio la kushoto tu; kwenye simu washa mpangilio wa sauti ya mono, utasikia kwa masikio yote mawili.

Sasa miaka ya 1960, ambako nilitarajia raha na nikakuta mchanganyiko. Hotuba ya Malcolm X ya kura au risasi ilitolewa mara mbili ndani ya siku kumi: Cleveland tarehe 3 Aprili 1964, Detroit tarehe 12 Aprili. Sauti iliyomo hapa ni ya Detroit, maandishi ya PDF ni ya Cleveland. Ukifuatilia kwa kidole, dakika ya kwanza tu umepotea. Namna ya kutambua: akimsalimu ndugu Lomax, uko Cleveland, akimtaja Mchungaji Cleage, uko Detroit. Matini zote mbili zina thamani, ila usinukuu moja ukaambatanisha sauti ya nyingine. (Wasikilizaji wa kwetu wasikose pia ile ya Detroit ya Novemba 1963, anapoitaja Mau Mau ya Kenya kama mfano wa mapinduzi kwa Weusi wa Marekani.)

Martin Luther King amepata mkanganyiko wa aina hiyohiyo. Faili imeandikwa Washington, 28 Agosti 1963, na kilichomo ni hotuba ya Detroit ya 23 Juni mwaka huo, ambayo nayo ina sehemu ya ndoto. Sikiliza anapoota kwamba papa hapa Detroit Mweusi ataweza kununua au kupanga nyumba popote pesa yake inapomfikisha. Huo mstari haumo katika ile ya Washington. Binafsi nimefurahi kuwa nayo, kwa sababu inazungumzia makazi ya miji ya kaskazini waziwazi zaidi, lakini jina si sahihi. Ya Washington ina ulinzi wa hakimiliki. Mahakama ya rufani iliamua mwaka 1999 kwamba kuitoa mbele ya umma hakukuifanya mali ya kila mtu. Hotuba ambazo rais ameziandaa na kuzitoa kikazi hazina kizuizi hicho nchini Marekani, na rekodi za kabla ya 1923 ziliachiwa huru tarehe 1 Januari 2022. Anayepanga kuweka vipande kwenye kipindi chake azingatie tofauti hii kabla ya kukata chochote.

PDF kwa ujumla ni udhaifu. Nyingi ni maandishi yaliyoandaliwa kabla, si yaliyotamkwa. John Kennedy, 11 Juni 1963, aliingia hewani kuzungumzia haki za kiraia matini ikiwa haijakamilika na sehemu ya mwisho akaisema kutoka kichwani. PDF haiendani na sauti. Lyndon Johnson, 15 Machi 1965, mbele ya Bunge, kuhusu haki ya kupiga kura: makofi yamekatwa ili kupunguza urefu, na bila makofi huwezi kujua ukumbi ulishtuka wapi rais aliposema maneno ya wimbo wa waandamanaji, kwamba tutashinda. Hiyo nimeitupa, nikashusha nzima kutoka maktaba yake ya Austin.

Kwa upande mwingine, usimlaumu muuzaji kwa kila kasoro. Richard Nixon, mgombea umakamu wa rais akijitetea kwenye televisheni, 23 Septemba 1952, anakatika katikati ya maneno. Ndivyo ilivyokuwa: nusu saa iliyolipiwa iliisha kabla hajatoa anwani ya kutumia barua na simu za maandishi. Faili inayomalizika vizuri ndiyo ya kutilia shaka.

Ununuzi huu umenilipa kwenye faili moja ambayo sikuitegemea: Ronald Reagan, 1961, miaka mitano kabla hajachaguliwa gavana wa California. Ni santuri iliyotolewa na chama cha madaktari wa Marekani na kusambazwa kwa wake wa madaktari, ili wawaalike majirani kwa kahawa, wasikilize pamoja, kisha wawaandikie wabunge kupinga bima ya matibabu ya wazee. Hii haikuwa hotuba iliyorekodiwa kwa kumbukumbu. Rekodi yenyewe ndiyo iliyokuwa jukwaa. Imehamishwa kwa uangalifu, kasi sahihi, s zote zipo, na imepangwa pamoja na Johnson akisaini sheria ya bima hiyo, Medicare, tarehe 30 Julai 1965 huko Independence, Missouri, Harry Truman akiwa kando yake. Aliyezipanga hizo mbili pamoja anaijua kazi yake. Laiti angepewa na kazi ya kuandika majina ya faili.

Nimebadili majina yote 96 mwenyewe, na mnunuzi yeyote atalazimika kufanya hivyo: tarehe ya hotuba, mji, msemaji, kisha tarehe ya rekodi kama ni tofauti, mwisho herufi moja, N kwa nzima au K kwa kipande. Ya Jimmy Carter kuhusu nishati, dakika 33 hivi, ilikuja ikiitwa „malaise“, yaani unyong'onyevu, neno ambalo halimo popote katika hotuba hiyo. Sasa inaitwa 1979-07-15, Washington, Carter, N.