Tahadhari kwa ndugu zetu walioko Marekani: meza ya "tableti ya bure ya serikali"

Ndugu zangu, hasa sisi tuliofika Marekani kama wakimbizi na tunaoishi kwa kadi ya chakula (msaada wa serikali wa kununua chakula) na Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo): kuna watu wanasimamisha hema na meza mbele ya maduka ya vyakula na karibu na ofisi za msaada, wakitangaza tableti ya bure "kutoka serikalini". Hapa Kentucky wameshapita mitaani kwetu na wameacha kilio. Mpango wanaoutaja kwenye bango lao haupo tena. Ulikwisha tarehe 1 Juni 2024.

Mpango huo uliitwa ACP. Ulianza mwishoni mwa 2021 na ulikuwa ukiilipia kila kaya hadi dola 30 kwa mwezi za intaneti. Mara moja tu, kaya ilipata pia punguzo la hadi dola 100 kwenye kompyuta au tableti, kwa sharti kwamba mwombaji achangie zaidi ya dola 10 na chini ya dola 50. Kaya zaidi ya milioni 23 zilijiunga. Fedha zikaisha, Bunge halikuongeza nyingine, maombi mapya yakafungwa tarehe 7 Februari 2024, na miezi michache baadaye kila kitu kikasimama. Kwa hiyo mtu anayekudai leo "dola 20 za mchango wa tableti" anakusomea kanuni ya mpango uliokufa. Na hapo ndipo watu wanaponasa, maana kanuni hiyo ilikuwa ya kweli. Karibu kila jengo tunaloishi lina jirani aliyepata tableti hivyo mwaka 2022 au 2023, naye anawaambia wengine bila ubaya wowote: nendeni, mimi walinipa.

Kilichobaki ni Lifeline, msaada wa serikali wa kulipia laini ya simu. Huu ni mpango halali, wala haukuletwa na Obama, ingawa wengi bado wanasema "simu ya Obama". Ulianza 1985, Reagan akiwa rais, kwa ajili ya simu za waya za nyumbani. Simu za mkononi zilikuja baadaye. Unatoa hadi dola 9.25 kwa mwezi kwa kaya, na kiasi kikubwa zaidi kwa wanaoishi kwenye ardhi za makabila ya wenyeji wa Amerika. Dola hizo hazifiki mkononi mwako. Zinakwenda kwa kampuni ya simu, nayo inakupa laini yenye dakika na bando, na bando lenyewe ni dogo: kiwango cha chini ni GB 4.5 kwa mwezi. Lifeline hailipii kifaa. Kampuni ikikupa simu, imeamua yenyewe ili ikuvute, na aghalabu ni simu ambayo kioo chake kinachoka kabla ya mwenye nayo. Tableti ya serikali haimo humo kabisa.

Sasa wanavyofanya. Kijana wa mezani anaanza na swali moja tu: una kadi ya chakula? Ukisema ndiyo, anaiomba, anaipiga picha mbele na nyuma. Anauliza tarehe ya kuzaliwa, anwani, namba ya Social Security (namba yako ya utambulisho ya serikali, yenye tarakimu tisa). Kisha anakugeuzia kifaa chake na kusema weka sahihi hapa kwa kidole. Maandishi yaliyo juu ya sahihi huyaoni, ameshayasogeza. Na humo ndimo mambo yote yalimo: kwamba unakubali msaada wako wa Lifeline uhamishwe kutoka kampuni uliyo nayo kwenda yao, kwamba hakuna mwingine nyumbani mwako anayepata msaada huo, na kwamba unaapa kuwa yote ni kweli, ukijua kusema uongo ni kosa la jinai.

Mama mmoja wa kanisani kwetu, aliyekuja na wajukuu zake kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, alikuwa tayari na laini ya Lifeline. Namba hiyo ndiyo iliyokuwa shuleni kwa watoto, kliniki, na kwa mtu wa shirika anayeshughulikia kesi yake. WhatsApp ya kuzungumza na ndugu walioko Kigoma na Uvira ilikuwa humo humo. Alitoa dola 20 taslimu, akapewa tableti kwenye boksi bila risiti yenye maana. Muda si mrefu laini yake ikakatwa. Tulipoipigia kampuni yake ya zamani (mimi ndiye niliyeshika simu, yeye Kiingereza kinampa taabu), wakajibu kwamba msaada umehamishwa kwa idhini yake mwenyewe, na sahihi ipo. Namba ile haikurudi. Tableti ilikuwa na intaneti kwa muda, halafu ikaanza kudai malipo. Kliniki ilikuwa imempigia kuhusu majibu ya vipimo, ikamkosa, na miadi ikapita. Kwangu mimi hicho ndicho kibaya kuliko dola 20.

Watu wananiuliza kwa nini wazee wetu hawasomi kwanza. Aliyekaa kambini hawezi kuuliza hivyo. Kule meza ikiwekwa na orodha ya majina, unapanga foleni, unaonyesha kadi ya mgawo, unaweka kidole, unaondoka na unga na maharage. Nani aliuliza karatasi inasema nini? Wanaopanga meza hizi wanalijua hilo, kwa sababu mmoja wao ni mwenzetu. Anaongea Kiswahili safi, anawaamkia wazee shikamoo, anamwita kila mama "mama yangu". Mzungu asingepata sahihi nyingi kiasi kile kwa siku moja.

Mtasema kijana anatafuta riziki. Sawa, lakini fahamuni kwamba mwaka 2019 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipiga marufuku kampuni za Lifeline kuwalipa mawakala kwa idadi ya watu wanaowaandikisha, na ikataka kila wakala asajiliwe. Hawakufanya hivyo bure. Mwaka 2020 kampuni ya Sprint ilikubali kulipa dola milioni 200 kumaliza shauri la kuchukua fedha za Lifeline kwa wateja ambao hawakuwa wakitumia laini. Oktoba 2024 mkuu wa kampuni ya Q Link Wireless alikiri mahakamani kula njama ya kuuibia mpango huo zaidi ya dola milioni 100. Nawataja hao kwa sababu mambo yao yako wazi kwenye kumbukumbu za serikali. Hawa wa mitaani kwetu siwataji jina, na si kwa woga: jina lililo kwenye kitambaa cha meza halikufanana na lililotokea kwenye tableti, na wiki nyingine kitambaa kilikuwa kingine. Ukishika jina utapitwa. Shika mwenendo.

Jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha ni hiyo sahihi. Msaada ni mmoja kwa kaya, si kwa kila kichwa. Kijana wa mezani, ili aandikishe baba, mama na mtoto mkubwa wa nyumba moja, anajaza kwamba kila mmoja anajitegemea kwa chakula na gharama. Yeye anaondoka, jina lililo chini ni lako. Siku utakapojaza fomu ya uraia, N-400, utaulizwa kama umewahi kumpa ofisa wa serikali ya Marekani taarifa za uongo. Sisemi kwamba tableti itakunyima uraia. Nasema usimwachie mgeni wa kwenye maegesho aandike kiapo kwa jina lako.

Na hiyo picha ya kadi ya chakula. Katika majimbo mengi kadi hizi bado ni za utepe wa sumaku, hazina chipu, kwa hiyo mwenye namba ya kadi pamoja na namba ya siri anaweza kuzimaliza fedha zako usiku mmoja. Ruhusa ya kufidia wizi huo kwa fedha za serikali kuu ilikwisha tarehe 20 Desemba 2024. Zikiibwa leo, usitegemee kwamba zitarudi. Hakuna ombi lolote la simu linalohitaji namba yako ya siri. Namba ya Social Security nayo, Lifeline inataka tarakimu nne za mwisho tu. Anayetaka zote tisa, mrudishie kalamu yake.

Ukiwa unastahili Lifeline, huhitaji meza ya mtu. Omba mwenyewe kwenye lifelinesupport.org, au piga 800-234-9473. Ni bure. Unastahili ukiwa na kadi ya chakula, Medicaid, SSI (fedha za serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo), msaada wa nyumba wa serikali kuu au pensheni ya maveterani, au kipato cha kaya kikiwa hakizidi asilimia 135 ya kiwango cha umaskini. Hilo la kipato likumbukeni, kwa sababu sheria ya Julai 2025 inawatoa wakimbizi wengi wasio na green card (kibali cha ukazi wa kudumu) kwenye kadi ya chakula, na nimeshasikia mtu akiambiwa mezani kwamba "sasa simu utaipata kwetu tu". Ukikubaliwa, unachagua kampuni mwenyewe. Tovuti hiyo inakuonyesha zilizopo kwa zip kodi yako. Kila mwaka utatakiwa kuthibitisha tena, na laini ya bure isipotumika siku 30 wanakupa onyo kisha wanaikata. Mtoto anayesoma Kiingereza akusaidie kusoma, ila sahihi iwe yako.

Tableti au kompyuta ya bei nafuu tafuta kwingine. PCs for People huwauzia wenye kipato kidogo kompyuta zilizotengenezwa upya, na maktaba nyingi huazimisha vifaa vya intaneti kwa kadi ya maktaba tu. Walioko Buffalo, Rochester na Syracuse mna bahati yenu: tangu Januari 2025 sheria ya jimbo la New York inazitaka kampuni kubwa za intaneti kuwa na kifurushi cha dola 15 kwa wenye kipato kidogo. Kiulizeni kwa jina la sheria hiyo, Affordable Broadband Act, maana wahudumu hawakitaji wenyewe.

Kama umeshasaini, fanya hivi leo leo. Badilisha namba ya siri ya kadi ya chakula. Piga namba ile ya Lifeline uulize msaada wako uko kampuni gani, useme wazi kama hukukubali uhamishwe. Lalamika FCC kwa 1-888-225-5322. Kama ulitoa namba nzima ya Social Security, funga taarifa zako za mkopo kwenye kampuni tatu zinazozitunza, Equifax, Experian na TransUnion, ili mtu asikope kwa jina lako. Sheria inasema ni bure, anayekutoza ni tapeli wa pili. Kisha ripoti kwenye IdentityTheft.gov. Kabla ya yote hayo, ipigie shule na kliniki uwape namba mpya.

Meza ikionekana mtaani kwenu, pigeni picha ya bango, kitambaa na risiti, muandike hapa siku, saa na jina la duka. Mwambieni na meneja wa duka, maana wengine hawana hata ruhusa ya kukaa pale. Sura ya kijana msiirushe mtandaoni, na msimzonge. Malalamiko ya FCC yanahitaji jina la kampuni, tarehe na ulichoambiwa, hayahitaji ugomvi.