Gari la umeme la mtoto la mtumba: lipi ununue, lipi uliache

Muuzaji akikuambia gari limezima kwa sababu ya betri, usikimbie. Mara nyingi anasema kweli. Betri ya risasi na asidi, ambayo magari haya hutumia kwa kawaida, haivumilii kukaa tupu, na gari likiachwa stoo miezi kadhaa bila kuchajiwa, betri hujifia. Lakini betri ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kubadilisha. Unachonunua hasa ni giaboksi, mota na uhakika wa kupata vipuri, na ndivyo vilivyonipa mpangilio huu.

Namba moja: volti 12, mota mbili, pedali ya swichi, yaani ya kuwasha na kuzima tu. Mengi ya magari ya chapa za Power Wheels na Peg Perego yako hivi. Umeme unatoka kwenye betri, unapita kwenye pedali na swichi ya mwendo, unafika kwenye mota, basi. Mtu mwenye mita ya umeme na subira anaufuata waya hatua kwa hatua mpaka anaipata sehemu iliyokatika. Gia na mota zake hupatikana moja moja, kwa hiyo gari bovu linafufuka.

Kabla ya kutoa pesa, inua nyuma ya gari na uzungushe kila gurudumu la mota kwa mkono. Linapaswa kuwa zito kidogo, maana linaburuza gia na mota. Likizunguka wepesi bila kukataa, meno ya gia yameliwa, au kishikio kinachounganisha gurudumu na giaboksi kimekatika. Kisha pima betri. Ikiwa imejaa na imetulia itaonyesha karibu volti 12.6 au zaidi. Mwambie mtoto akae, akanyage pedali, nawe uangalie mita: ikiporomoka hadi 8 au 9, betri imekwisha hata kama ilianza vizuri. Sikiliza pia. Mlio wa kukwaruza au wa ta-ta-ta gari linapoanza kuvuta mzigo ni meno yanayoruka, na giaboksi hilo lipunguze kwenye bei.

Ukikuta Power Wheels la zamani sana, kagua waya na pedali kwa makini zaidi. Oktoba 1998 magari hayo, yapatayo milioni 10, yaliitwa kufanyiwa marekebisho Marekani kwa sababu sehemu za umeme zilikuwa zinaweza kupata joto kali na kushika moto. Plagi iliyoyeyuka au kugeuka rangi ya kahawia, achana nayo.

Namba mbili: volti 12 lenye rimoti. Kwa mtoto mdogo ninalipenda, kwa sababu mzazi analisimamisha kwa mbali, na mengi huanza taratibu, jambo linalookoa gia. Udhaifu wake ni saketi, ubao wa umeme unaopokea amri za rimoti. Ikiungua, kwa kawaida utanunua saketi na rimoti kwa pamoja, zilizooana. Bila rimoti mkononi, hesabu gari hilo kama bovu.

Namba tatu: volti 24. Lina nguvu kwenye nyasi na mlima, lakini mara nyingi ni betri mbili za volti 12 zilizoungwa mfululizo, na zinabadilishwa zote mbili kwa mara moja. Soma pia ampea-saa, yaani kiasi cha umeme betri inachobeba. Volti nyingi kwenye betri ndogo ni safari fupi.

Namba nne: volti 6. Kwa mtoto wa miaka miwili kwenye sakafu tambarare, sawa. Usilinunue kwa nia ya kulitia betri ya volti 12.

La mwisho kabisa ni gari lililokwisha kuchezewa na mtu mwingine. Fungua kifuniko: nyaya zilizosokotwa na kufungwa selotepu, hakuna fyuzi, liache hapo hapo.

Ukitaka kuliboresha mwenyewe, anza na magurudumu. Vipande vya tairi ya baiskeli vilivyofungwa kwa skrubu kuzunguka gurudumu la plastiki hupunguza kelele na kuzuia kuteleza. Wengi hurukia kulitia gari la volti 12 betri ya drili ya lithiamu ya volti 18, na hapo mwendo hupanda kwa karibu nusu. Mimi simfanyii hivyo mtoto wa chini ya miaka mitano. Magari mengi ya pedali ya swichi hufunga breki kwa mota zenyewe mara mguu unapoachia, na kwa kasi hiyo mtoto anarushwa mbele huku gia zikivunjika. Kwa mkubwa, weka fyuzi ya ampea 30 karibu kabisa na ncha chanya ya betri, nyaya nene, na kifaa cha kukata umeme betri ikishuka hadi volti 15 hivi, kwa sababu seli za lithiamu zikikamuliwa chini ya hapo huharibika. Chaja ya zamani ya gari iondoe kabisa nyumbani, asije mtu akaichomeka. Betri ya drili huchajiwa kwa chaja yake tu, ikiwa nje ya gari.