Folda inaonekana tupu kumbe haiko tupu: uzoefu wangu na boksi la hifadhi la ofisini

Nyota moja, na hiyo moja nazipa diski, kwa sababu zenyewe hazijawahi kusumbua. Hasira yangu iko kwenye paneli ya kuendeshea boksi na kwa yule wa sapoti aliyenijibu.

Boksi linashea folda moja kubwa, /srv/kazi, kwa NFS, yaani njia ya kushea folda kupitia mtandao. Ndani yake kuna /srv/kazi/picha, ambayo ni diski ya pili iliyomauntiwa hapo, yaani imeunganishwa ionekane kama folda. Ukiwa kwenye boksi lenyewe, picha zote unaziona. Ukikaa kwenye kompyuta yoyote ya ofisi, /kazi (ndiyo /srv/kazi ya boksi) inafunguka vizuri lakini /kazi/picha ni tupu. Hakuna kosa linaloandikwa wala onyo. `ls -la` inakupa nukta moja na nukta mbili, basi. Siku kadhaa nasubiri jibu, likaja hili: "Ndugu mteja, folda yako haina faili. Tafadhali hakikisha umepakia faili." Diski ina terabaiti 3 za picha!

Anayeuza boksi la NFS hana udhuru wa kutolijua hili. Seva ikishea /srv/kazi inatoa mfumo wa faili ulio pale tu, haivuki kuingia kwenye maunti nyingine iliyo ndani mpaka iambiwe. Kinachofika kwa klaienti, yaani kompyuta ya ofisi, ni folda ya chini, ile iliyokuwepo kabla diski haijawekwa juu yake, nayo kweli ni tupu. Kuhakikisha ni amri moja: kwenye klaienti andika `df -h /kazi/picha`. Ukiona ukubwa wa diski mama (ile yenye /srv/kazi) badala ya ule wa diski ya picha, hujavuka.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kuongeza `crossmnt`, sharti la kuruhusu kuvuka, kwenye mstari wa /srv/kazi ndani ya /etc/exports (faili la boksi lenye orodha ya folda zinazoshewa), kisha `exportfs -ra` ili lisomwe upya, kisha `exportfs -v` kuona kama imeshika. Ila ujue inafungua kila diski iliyomauntiwa chini ya folda hiyo, hata ile ya bakapu ambayo hukutaka watu waifikie, na huwezi kuibagua moja. Angalia pia nafasi: mabano ya masharti yanagusana na anwani ya mtandao bila kuacha hata herufi moja wazi. Ukiacha nafasi, mtandao wako unapata masharti ya kawaida ya kusoma tu, na yale ya kuandika wanapewa watu wote.

Hapa ndipo paneli iliponimaliza. Kila ukibonyeza kitufe cha kuhifadhi mipangilio, hata ukiwa umebadilisha saa tu, inaiandika /etc/exports upya na `crossmnt` inapotea. Kimya kimya. Watu wanarudi kuniambia picha zimefutwa.

Kwa hiyo nikahamia dawa ya pili, ambayo naipenda zaidi: kuishea diski ya ndani kwa mstari wake wenyewe, kwenye faili la pembeni, /etc/exports.d/picha.exports. Jina lazima liishie na .exports, la sivyo halisomwi. Paneli hailigusi. Kama klaienti zinatumia NFS toleo la 4 (`nfsstat -m` itakuambia), zinavuka zenyewe, huna haja ya kuandika chochote kwenye fstab zake (faili la orodha ya vitu vya kumaunti kompyuta inapowaka). Ukitazama `findmnt`, amri ya kuorodhesha maunti, utaona maunti ya picha imejitokeza pale mtu anapoingia kwenye folda, na baadaye inajiondoa ikikaa bila kutumika. Kawaida ni sekunde 500. Usidhani imekatika. Kwa toleo la 3 mambo ni mengine: huko unahitaji sharti la `nohide` (usiifiche) kwenye mstari wa diski ya ndani, nayo haiaminiki ukiwa umeshea kwa mtandao mzima, inataka anwani ya kompyuta mojamoja. Toka toleo la 3 kama unaweza.

Tangu nilipoweka hivyo, lazima niseme ukweli, boksi limekuwa zuri sana. Picha zinafunguka haraka na hakuna anayelalamika. Nilikuwa nimeshapandisha hadi nyota nne.

Halafu umeme ukakatika ukarudi. Paneli ilikuwa imeandika `nofail` (endelea hata diski ikikosekana) kwenye fstab ya boksi, kwa hiyo diski ya pili ilipochelewa kuamka, boksi lilijiwasha bila kuisubiri. Folda ya picha ikawa tena ile tupu ya chini, watu wakaandika humo kutwa nzima, kwenye diski mama. Diski ilipokuja kumauntiwa, ikafunika kazi yote ya siku ile.

Faili hizo hazijapotea. Kwenye boksi tengeneza /mnt/chini, andika `mount --bind /srv/kazi /mnt/chini`, kisha tazama ndani ya /mnt/chini/picha. Bind, yaani kuionyesha folda ile ile mahali pengine, kwa kawaida haibebi maunti za ndani, kwa hiyo utaona kilichofunikwa. Hamisha, kisha ondoa bind kabla hujagusa kitu kingine.

Kuna sharti la exports liitwalo `mountpoint`, linalozuia kushea folda ambayo diski yake haijamauntiwa. Hapa halisaidii, kwa sababu folda mama bado inashewa na ile tupu bado inaonekana kupitia kwake. Kinachosaidia ni kuifunga folda ya chini yenyewe: ondoa maunti ya diski ya picha (`umount`), andika `chattr +i /srv/kazi/picha` ili folda isibadilishwe, kisha maunti diski tena. Diski ikikosekana, mtu akijaribu kuandika anakataliwa papo hapo na analalamika asubuhi ile ile, kabla kazi ya siku haijaingia pasipostahili.

Hayo yote nilimwandikia yule wa sapoti, hatua kwa hatua, pamoja na matokeo ya `df` na `findmnt`. Akanijibu kwamba wao hawahudumii boksi ambalo mteja ameingia kwa SSH, yaani kwa kuandika amri moja kwa moja kutoka mbali. Nyota nne nimezifuta. Diski bado nzuri. Narudi kwenye moja.