Uzoefu wangu: huduma ya nyaraka iliyoharibu amri zetu kwa jina la urembo

Nimeshindwa kunyamaza. Hii ni huduma ya mtandaoni ya kuandikia miongozo ya programu. Tumeilipia kwa muda mrefu, na kila wenzangu walipotaka tuhamie kwingine, mimi ndiye niliyekuwa nikiitetea. Jina silitaji. Bei na orodha ya vipengele viko kwenye ukurasa wao, kila mtu anaweza kujisomea. Mimi nataka kuzungumzia kistari.

Anayeandika nyaraka za programu anajua kwamba amri, yaani mstari ambao msomaji anaupa kompyuta iutekeleze, haiguswi. Sentensi ya maelezo ikikosewa herufi, msomaji ataelewa tu, maana binadamu hujazia palipopungua. Kompyuta haijazii. Vistari viwili vifupi vinavyotangulia neno ndivyo vinavyoiambia programu kwamba hilo ni chaguo. Viunganishe viwe kistari kirefu kimoja, na msomaji ataona kama hakuna kilichobadilika. Kwa kompyuta hiyo ni herufi nyingine kabisa, U+2013 kwenye Yunikodi, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, na neno linaloifuata si chaguo tena. Mara nyingi linachukuliwa kama jina la faili.

Basi, kuna kipindi mwaka huu waliamua, bila kutuuliza, kwamba maandishi ya wateja wote yapendezeshwe. Alama za nukuu zilizonyooka zikapindwa, vistari viwili vikageuzwa kimoja kirefu. Si kwenye aya za maelezo tu. Kila mahali, hadi ndani ya visanduku vya msimbo, yaani sehemu za ukurasa zilizotengwa kwa amri na mistari ya programu.

Tazama hili kwa karibu. Mwongozo wetu una sura ya kurejesha mipangilio kutoka kwenye nakala rudufu. Kabla ya kurejesha chochote tunamwelekeza msomaji ajaribu kwanza hivi:

rsync -av --dry-run nakala/ mipangilio/

Chaguo la --dry-run linaifanya rsync, programu ya kunakili faili, itaje faili ambazo ingezinakili, bila kugusa hata moja. Tuliliweka makusudi, ili mtu aone kitakachotokea kabla hakijatokea. Baada ya kupendezeshwa, ukurasa ulisomeka hivi:

rsync -av –dry-run nakala/ mipangilio/

Msomaji wetu mmoja aliinakili akaibandika. rsync ikadhani –dry-run ni faili nyingine iliyoombwa inakiliwe, ikalalamika kwamba haioni, kisha ikaendelea na kazi iliyobaki. Ikamwaga nakala za zamani juu ya mipangilio iliyokuwa ikitumika. Kilichopaswa kuwa jaribio kikawa utekelezaji wenyewe. Mstari wa kosa ulikuwepo, lakini ulizama kwenye orodha ya faili zinazopita, na mtu aliyeambiwa kwamba hili ni jaribio tu ana sababu gani ya kushtuka? Alituandikia akiuliza kwa nini mwongozo umemfutia kazi yake. Sikuwa na la kumjibu.

Amri nyingine angalau zilipiga kelele. Andika git commit –amend na Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, itakataa papo hapo, ikisema haijui faili yenye jina hilo. Lugha ya programu ya Python ikikuta nukuu iliyopinda inasimama na kukutajia herufi yenyewe, U+201C. Faili ya JSON, muundo wa kuhifadhi data, yenye nukuu za aina hiyo haisomeki kabisa, kwa sababu kanuni za JSON zinakubali nukuu iliyonyooka peke yake. Hayo yanakera, lakini hayaharibu kitu. Lile la rsync ndilo lililoninyima usingizi.

Nikaandikia huduma kwa wateja. Nilieleza kila kitu, nikaambatisha picha mbili za ukurasa, kabla na baada, nikazungushia kistari duara jekundu. Jibu lilianza na "Ndugu mteja", likaendelea kusema hakuna hitilafu yoyote, kipengele kinafanya kazi kama kilivyokusudiwa. Nikajibu nikieleza upya habari ya msomaji aliyepoteza mipangilio. Safari hii nikaambiwa, nanukuu, "washauri wasomaji wako waandike amri kwa mkono badala ya kunakili." Tiketi ikafungwa hapo hapo.

Wanakili nini sasa? Mtu anafungua mwongozo wa programu usiku, seva imeanguka, simu zinaita, halafu aandike kwa mkono amri ya herufi themanini akikodolea macho urefu wa kistari? Kunakili na kubandika ndiyo matumizi yenyewe ya ukurasa wa amri. Aliyeandika jibu lile hajawahi kutegemea mwongozo kufanya kazi, na kampuni iliyomwachia ajibu hivyo inauza vifaa vya kuandikia miongozo!

Kinachonichoma zaidi ni kwamba tatizo hili lilishatatuliwa zamani. John Gruber, ambaye mwaka 2004 alitoa Markdown, mtindo wa kuandika maandishi matupu yanayogeuzwa kurasa za wavuti, ana programu yake nyingine ndogo iitwayo SmartyPants. Kazi yake ni hiyo hiyo ya kupinda nukuu na kurefusha vistari, na inaruka kila kilichomo ndani ya pre na code, alama za HTML, lugha ya kurasa za wavuti, zinazotenga msimbo. Sphinx, programu ya kutengeneza kurasa za nyaraka, nayo hupendezesha nukuu kwenye maelezo na kuiacha mifano ya msimbo jinsi ilivyo, na usipotaka kabisa unaandika smartquotes = False kwenye faili ya mipangilio, yamekwisha. Pandoc, programu ya tangu 2006 ya kubadilisha faili za maandishi kutoka muundo mmoja hadi mwingine, inakuruhusu kuzima jambo hili kwa neno moja unapobadilisha faili. Hizo zote ni za bure. Hawa tunawalipa.

Hata hivyo nisiwadhulumu. Kwa kuandika pamoja na watu wasio waandaaji programu, sijaona kihariri kinachokifikia hiki. Mwanasheria wetu anafungua ukurasa, anachagua sentensi, anaacha maoni pembeni, basi. Mwenzetu anayejaribu programu anaweka picha palepale alipokwama. Hakuna anayefundishwa Git wala kuogopa kuharibu kitu. Nimewahi kuona timu zikichagua zana safi kabisa kwa upande wa ufundi, halafu mtu mmoja tu ndiye anayeandika kwa sababu wengine wote wamekimbia. Mwongozo unaoandikwa na mtu mmoja huchakaa haraka. Kwa hiyo kama nyaraka zenu ni maelezo matupu, sera, taratibu za ofisi, kumbukumbu za vikao, nawaambia kwa moyo mweupe: chukueni, mtaipenda. Hapo nyota nne.

Halafu nikakumbuka siku ya kuondoka.

Kitufe cha kutoa faili kipo na kinafanya kazi, lakini kinachotoka ni maandishi yaliyokwisha kugeuzwa. Nilidhani historia ya matoleo itaniokoa. Nikafungua ukurasa wa kabla ya mabadiliko nikakuta kistari kirefu kilekile. Waligeuza hadi ya nyuma. Ndani ya visanduku vya msimbo niliweza kusafisha kwa kutafuta na kubadilisha, kwa sababu pale kistari kirefu kinachofuata nafasi na kutangulia herufi karibu kila mara kilikuwa viwili. Kwenye majedwali ndiko kulikokuwa na jasho. Huko kihariri hakihifadhi alama ya msimbo, hivyo amri na sentensi vinafanana, na "10–20" ya halali imekaa jirani na chaguo lililoharibiwa. Ilibidi kusoma seli moja moja, huku nimefungua msimbo wa programu pembeni kuhakiki kila chaguo. Kazi ya kijinga, na haikuwa kazi yangu kuifanya.

Sasa tunaandika kwenye faili za maandishi matupu, ndani ya Git, folda moja na msimbo wa programu, na Sphinx inazigeuza kuwa kurasa. Amri zenyewe hatuziandiki tena kwenye sura. Zinakaa kwenye faili zake, majaribio ya programu yanaziendesha kila msimbo unapobadilika, na Sphinx inazivuta kwa literalinclude, agizo lake la kuingiza faili kwenye ukurasa jinsi ilivyo. Amri anayoiona msomaji ndiyo ile ile iliyoendeshwa. Ukibadilisha jina la chaguo ukasahau mwongozo, majaribio yanaanguka na unajua kabla msomaji hajajua. Nilipoona hilo likifanya kazi mara ya kwanza nilifurahi kupita kiasi.

Si kwamba tumefika peponi. reStructuredText, mtindo wa kuandika tunaoutumia kwenye Sphinx, ni kali kuhusu nafasi za mwanzo wa mstari, na ukikosea moja kisanduku kizima kinavurugika. Mwanasheria ametuachia, anatuma maoni kwa barua pepe, na mimi ndiye ninayeyahamisha. Kwa timu isiyo na mwandaaji programu hata mmoja nisingethubutu kuishauri njia hii. Afadhali huduma kama ile, mradi upendezeshaji uzimike.

Kabla hamjalipia yoyote, fanyeni hivi. Andikeni amri moja yenye vistari viwili na nukuu zilizonyooka. Iwekeni mara tatu: katikati ya aya, ndani ya kisanduku cha msimbo, na ndani ya seli ya jedwali. Chapisheni. Ifungueni kwenye kivinjari, inakilini kutoka hapo, ibandikeni kwenye dirisha la amri na kuiendesha. Kisha toeni faili na mlinganishe herufi kwa herufi na mlichoandika. Ikipotea hata moja, ondokeni.

Juzi nimesikia wameweka kitufe cha kuzima. Nikaingia tena, na kweli kipo. Nilikuwa tayari kurudi hapa kuongeza nyota. Nikakizima, nikaandika amri mpya, ikabaki salama. Nikafungua sura yetu ya zamani ya kurejesha mipangilio: kistari ni kirefu vilevile, kwa sababu kitufe kinahusu maandishi mapya tu. Nikawaandikia kuuliza lini za zamani zitarudishwa. Jibu limekuja tayari, "Ndugu mteja", likinishauri nizirekebishe mwenyewe. Nyota moja.