Miezi mitatu kwenye karakana ya ndege ndogo Iringa: uzoefu wangu

Kamwene ndugu zangu. Wengi mmeniuliza kama ile kozi ya ufundi wa ndege ndogo niliyosoma hapa Iringa inafaa au ni ya kula hela za watu tu. Naandika hapa ili nijibu wote kwa pamoja.

Mimi ni fundi injini, nipo Mafinga. Miaka tisa nimefungua mashine za kupasulia mbao, pikipiki na jenereta, kwa hiyo nilikwenda nikiamini injini ni injini. Siku ya pili tulikuwa tunatoa plagi kwenye injini ya Cessna 206. Ina silinda sita, kila silinda plagi mbili, moja juu na moja chini, jumla 12. Magneto, yaani vifaa vinavyozalisha umeme wa plagi, nazo ni mbili na kila moja ina plagi zake, ili moja ikifa angani nyingine iendelee kuwasha. Plagi moja mpya ikaniponyoka, ikagonga sakafu. Nikaiokota, nikaifuta, nikaigeuzageuza, sikuona ufa. Mzee aliyekuwa anatufundisha akanyoosha mkono, akaipokea, akaitupa kwenye pipa la taka. "Mwanangu, iliyoanguka haipandi ndege. Kauri ikipasuka kwa ndani huoni kwa macho." Hakunigombeza. Lakini bei ya plagi ile si ya plagi ya bodaboda, na niliumia siku nzima.

Plagi za chini ndizo zenye kazi. Avgas 100LL, yale mafuta ya bluu ya ndege ndogo, bado yana madini ya risasi, na yanaganda ndani ya plagi kama vipunje vya kijivu unavyochokoa kimoja kimoja. Huku kwetu milimani hali inazidi. Uwanja wa ndege wa Nduli uko futi 4,600 na ushee juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na rubani asipopunguza mafuta wakati ndege inatembea chini, plagi zinachafuka haraka. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, hivyo ya kwetu inaanza safari ikiwa tayari imepungukiwa. Ndiyo maana mzee hakuvumilia plagi hata moja yenye uchafu.

Wiki nzima iliisha kwenye waya wa kufungia bolti. Unaupitisha kwenye tundu la kichwa cha bolti, unausokota kwa koleo, unaupeleka kwenye bolti ya pili, na lazima uvute kuelekea upande wa kukaza, ili bolti moja ikitaka kulegea iwe inaikaza mwenzake. Ukikosea upande, umeisaidia kulegea. Julai ile baridi ya asubuhi ilikuwa inatia vidole ganzi, nami nilikata na kurudia hadi nikaacha kuhesabu. Waya uliotolewa haurudishwi, na kotapini, ile pini ya kuzuia nati isilegee, vilevile.

Jambo lililonitisha ni propela. Ufunguo umezimwa, injini kimya, mimi nikaweka mkono niizungushe kidogo. Mzee alipiga kelele mpaka nikaruka. Swichi ya magneto huzima kwa kupeleka umeme kwenye bodi kupitia waya. Waya ule ukikatika, magneto inabaki hai hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako, na propela ikisogea kidogo injini inaweza kushtuka. Tangu siku hiyo naipita kama napita mbele ya ng'ombe mkali.

Sasa malalamiko yangu. Tangazo lilisema utatoka ukiwa fundi wa ndege. Wiki ya tatu ndipo tukaambiwa cheti chao hakikuruhusu kusaini kazi yoyote. Anayesaini ni mwenye leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na kuifikia kunataka mitihani na miaka ya kufanya kazi chini ya mwenye leseni. Kijana mmoja kutoka Makambako alikuwa ameuza pikipiki yake kulipa ada. Alikaa nje ya karakana mchana kutwa bila kula. Hilo lilipaswa kusemwa kabla ya kupokea hela ya mtu. Pia toki spana, ile ya kupima nguvu ya kukaza bolti, ilikuwa moja kwa watu kumi na mmoja, na vitabu vya kazi vyote Kiingereza, bila mtu wa kukutafsiria.

Anayetaka leseni kabisa, aulizie kwanza Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, Dar es Salaam, ambako kuna masomo ya matengenezo ya ndege. Fundi wa gereji anayetaka kunoa mkono, kozi hii naikubali. Mzee alitufundisha kukata chujio la oili, kukunjua karatasi yake na kupitisha sumaku kutafuta chembe za chuma. Ujuzi huo nimerudi nao Mafinga. Mwezi uliopita nilikata chujio la jenereta ya mteja, nikakuta chembe zinang'aa. Tukafungua injini, beringi ya konrodi ilikuwa imeshaanza kulika.